Namna ya kupanga duka dogo ili aliyefuata sukari ya jero asitoke na sukari peke yake

Habari za mihangaiko wakuu. Hii ni kwa wenye fremu moja au mbili, maduka ya mahitaji ya nyumbani, mini-supa, hata wauza vipodozi na nguo mtapata cha kuchukua. Mi duka langu liko Tabata, mwaka wa tisa sasa. Miaka minne ya mwanzo lilikuwa la nondo, si unayajua, mteja anasimama nje juani anaita "Mangi!" (na mi wala sio Mchaga) unampitishia kitu kwenye kitundu, basi. Alafu nikatoa nondo watu wakaanza kuingia ndani, na hapo ndo nikaanza kuona vituko, mtu anaingia anasimama anageuka anatoka hajasema neno, mwingine kaja kuchukua kiberiti anaondoka na vitu vya elfu kumi na mbili, na bidhaa ni zilezile na bei ni zilezile. Nimepanga na kupangua mara nne. Mengine nimesoma kwa waliofanya utafiti, mengi nimejifunza kwa kupoteza hela.

Niseme kitu kimoja mapema. Mbinu nyingi zinazosemwa za kupanga duka zimetoka supamaketi kubwa, na kule mteja akishaingia ameingia, kapaki gari, kachukua toroli, hawezi kutoka hivihivi aende nyingine. Kwetu jirani yuko hatua kumi. Kwahiyo ukimzungusha mteja kijanja anaondoka, tena na shemeji yake anamwambia. Kwenye duka dogo kazi yako ni kumfanya atulie. Kila ninachoandika huku chini nimekipima kwa hilo, na ndo maana kuna mbinu maarufu nitakwambia uachane nazo.

Hatua ya 1: vuka barabara, agiza chai

Kabla hujagusa hata shelfu moja, mwachie mtu duka, nenda kakae upande wa pili, kwa mama ntilie au kwa fundi viatu, popote unapoliona duka lako vizuri. Siku tatu, kila siku nusu saa asubuhi, nusu saa mchana na nusu saa kwenye saa kumi na mbili jioni watu wakiwa wanarudi makazini. Chukua daftari piga mistari minne: waliopita, waliogeuza shingo, walioingia, waliotoka na kitu mkononi. Utachoka, ila usiruke hii hatua.

Mi siku ya kwanza tu nilipata aibu. Watu walikuwa wanageuza shingo wengi kweli lakini hawaingii, hasa wakina mama. Nilikuwa nimeweka benchi mlangoni, vijana wa bodaboda wanakaa hapo wanabishana Simba na Yanga, na mi nilikuwa najisifia kabisa kwamba kijiwe kinachangamsha biashara. Kumbe ukikaa ng'ambo unaona kitu kingine kabisa: dada anakuja, anakaribia, anaona wanaume sita wamekaa huku na huku na yeye inabidi apite katikati yao, anajifanya anaangalia simu anaenda duka la mbele. Nimeona hivyo mara tatu ndani ya nusu saa. Benchi nililihamishia pembeni chini ya mwarobaini, vijana walinuna siku mbili alafu wakazoea maana kule kuna kivuli zaidi. Hiyo haikunigharimu hata mia.

Hatua ya 2: mlango na zile hatua mbili tatu za mwanzo

Kuna Mmarekani anaitwa Paco Underhill, yeye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuwafuatilia wateja madukani, wanatembeaje, wanasimama wapi, wanagusa nini. Moja ya mambo anayoyasisitiza ni kwamba mtu akiingia dukani zile hatua za kwanza anakuwa bado hajafika, mwili umeingia lakini akili iko njiani, kwahiyo chochote ulichokibandika hapo anakipita tu hakioni.

Kwa Dar hili lina sababu nyingine ya ziada, jua. Mtu katoka kwenye jua la saa saba, anaingia kwenye fremu yenye taa moja, haoni kitu. Macho yanahitaji muda kuzoea. Jaribu mwenyewe mchana, toka nje simama dakika mbili alafu ingia haraka uone. Sasa wengi wetu hapohapo mlangoni ndo tunarundika katoni za maji, ndoo, fagio, mitungi ya gesi (na mitungi ndani ya duka lisilo na hewa ni hatari, weka nje kwenye kizimba chake). Mteja anaingia kipofu afu anajikwaa.

Fanya hivi: acha futi nne za mwanzo tupu kabisa. Taa yenye mwanga mkali kuliko zote iweke karibu na mlango, sio katikati ya duka, ili tofauti ya nje na ndani isiwe kubwa. Feni kama unayo ielekeze hapohapo, mtu akipigwa na kaupepo anapunguza mwendo mwenyewe. Na kitu unachotaka akione cha kwanza kiweke baada ya hizo futi nne, kikimtazama usoni.

Hatua ya 3: amua nini kikae mikononi mwa mteja na nini kibaki nyuma yako

Hii ya watu kujichukulia vitu wenyewe tunaiona ya kawaida ila kuna mtu aliianzisha. Tarehe 6 Septemba 1916 pale Memphis, Marekani, jamaa mmoja Clarence Saunders alifungua duka akaliita Piggly Wiggly. Kabla ya hapo kwao ilikuwa kama kwa Mangi wetu tu, unafika kaunta unasema unataka nini, muuzaji anakuletea. Saunders akaweka kageti ka kuingilia, vikapu, na njia moja inayokupitisha mbele ya kila bidhaa mpaka kwa keshia, na 1917 akapewa hataza ya huo mpango. Alipunguza mishahara ya wauzaji, sawa, lakini kubwa ni kwamba mteja alianza kununua vitu ambavyo hakuja kuvisema. Kaunta inakulazimisha uje na orodha kichwani. Ukiona kwa macho na kushika kwa mkono unakumbuka kwamba kumbe na dawa ya mswaki imeisha.

Sasa usije ukatoa nondo zote kesho asubuhi ukaibiwa ukanilaumu. Mi nilichofanya ni nusu kwa nusu. Vocha, sigara, wembe, betri, dawa za maumivu, maziwa ya kopo ya watoto (hayo yanaibiwa balaa, ni madogo na ni bei) vyote viko nyuma yangu. Unga, mchele wa paketi, sabuni, mafuta ya kupaka, biskuti, majani ya chai, pedi, pampasi, viko wazi. Pedi ni muhimu sana ziwe wazi na zisiwe mbele ya kaunta, kuna mabinti walikuwa wananunua mbali kwa sababu hawataki kuitamka mbele ya wanaume wazima, na hawa hawatakwambia hata siku moja, utaona tu mauzo.

Na vitu vya kupima je? Sukari robo, mafuta ya kula kidogo, dagaa. Hapa ndo naanza kubishana na wataalamu. Supamaketi wanaweka unga, maziwa na mkate mwisho kabisa ili upite kote. Mi nilijaribu, nikaweka sukari na mafuta ya kupima ukutani nyuma. Ndani ya wiki mbili wateja wa asubuhi wakapungua. Mtoto katumwa na mama yake, maji ya chai yanachemka, hataki kuzunguka, anataka sukari ya jero akimbie. Nikazirudisha karibu na mlango, mkono wa kushoto wa kaunta, na juu yake nikapanga majani ya chai, tangawizi ya unga na mkate. Yule mtoto akirudi nyumbani anasema "mama kumbe kuna mikate ya moto pale", kesho anatumwa na mkate. Cha haraka kiwe karibu, na kiwe na ndugu zake pembeni. Vya kuchagua taratibu kama mafuta ya kupaka, vyombo, madaftari, hivyo ndo vipeleke ndani.

Hatua ya 4: chora njia kwa chaki kabla hujaita fundi

Usimwambie seremala "nitengenezee shelfu za kujaza ukuta wote na mbili za katikati" kama nilivyofanya mimi. Toa kila kitu Jumapili jioni, chora sakafuni kwa chaki shelfu zitakaa wapi, simamisha katoni tupu juu ya hiyo michoro, alafu mwite mkeo, shangazi, na mtu mwenye mwili, wape vikapu waambie wapishane.

Huyu Underhill niliyemtaja ana kisa cha duka la Bloomingdale's la New York, kulikuwa na stendi ya kuuzia tai za shingoni karibu na njia kuu, watu wanaikaribia wanaanza kuangalia, wakikumbwa kwa nyuma na wapita njia mara moja mbili wanaacha wanaondoka. Stendi ikasogezwa pembeni mauzo ya tai yakapanda. Watu hawapendi kuguswa makalio, hasa akina mama, na hakuna atakayekwambia "naondoka kwa sababu nimeguswa", ataondoka tu. Kwetu ongeza dera pana, mtoto mgongoni, na trei ya mayai mkononi. Mi niliacha futi tatu na nusu kati ya shelfu na shelfu, nikapoteza shelfu moja nzima ya katikati, iliniuma, lakini ile nafasi ndo inauza. Kitu kinachohitaji mtu ainame au asome maandishi (losheni, dawa za nywele) kikae kwenye kona isiyopitwa.

Mikono ya mteja

Hii haina hata haja ya kuiita hatua lakini usipoifanya mengine yote kazi bure. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania mteja wa ghafla anakuja mikono mitupu, na mikono miwili inabeba vitu vitatu. Cha nne anakirudisha. Mi nimekaa nimehesabu kabisa: sabuni, mchele kilo, mafuta nusu lita, afu anaangalia ile biskuti, anaangalia mikono yake, anaenda kaunta.

Nunua vikapu sita. Usiviweke mlangoni tu, viwili viache katikati ya duka hapo ambapo mikono inaanza kujaa, maana mtu akiingia hachukui kikapu, anaona aibu kama kaja na kitu kimoja. Na mkiona mtu kashika vitu viwili mpelekeeni. Aibu ya namna hii ni ya zamani kumbe, mwaka 1937 Sylvan Goldman mwenye supamaketi za Humpty Dumpty kule Oklahoma City alipobuni toroli watu walizikataa, wanaume waliona wataonekana dhaifu, wanawake wanasema tumechoka kusukuma vigari vya watoto, mpaka akaajiri watu wa kujifanya wateja wanaosukuma toroli ndani ya duka ndo wengine wakafuata. Mi sikuajiri mtu, nilimwambia mdogo wangu awe anazunguka na kikapu saa za jioni, wiki mbili tu ikawa kawaida.

Hatua ya 5: andika bei, kila kitu, kila siku

Kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu kati ya vyote fanya hiki. Wafanyabiashara wengi hawataki kuandika bei, wanasema jirani ataona, au wanataka kumpima mteja kwa sura. Sasa kaa upande wa mteja. Ana elfu tano mfukoni. Anaona sabuni nzuri ya kipande. Akikuuliza bei ukasema elfu nne na mia tano mbele ya watu watatu, itabidi aseme "aa basi ntarudi", na kila mtu hapo ndani anajua maana ya ntarudi. Kwahiyo hakuulizi. Anaiangalia, anaipita. Wewe unadhani haipendi.

Mi niliona hili kwa mzee mmoja mstaafu, anakuja kila siku anachukua gazeti na mkate tu, mwaka mzima. Siku nilipomaliza kubandika bei alisimama mbele ya shelfu ya maziwa ya unga kama dakika tano hivi, anasoma, midomo inacheza anapiga hesabu, akachukua ya paketi ndogo akaja kaunta hela kamili mkononi. Sasa anachukua kila wiki. Hakuwahi kuniuliza bei ya yale maziwa hata mara moja.

Andika kwa maka nene kwenye kipande cha boksi jeupe, tarakimu kubwa, zisomeke na mtu asiye na miwani. Bei ikibadilika badilisha usiku huohuo, mteja akifika kaunta akaambiwa tofauti na alichosoma umempoteza. Kuhusu mambo ya 999, kwa wenzetu Kenya supamaketi bado wanaandika 199 na 499, ila kwa duka la mtaani Dar chenji ya shilingi moja utaitoa wapi, utampa pipi ya chenji na watu wanaichukia. Andika elfu moja yaishe.

Hatua ya 6: shelfu zenyewe

Usawa wa macho na kifua ndo sehemu inayouza, hili halina ubishi. Weka hapo vitu vyenye faida nzuri lakini ambavyo watu wanavitaka kweli, sio mzigo uliokwama, mzigo uliokwama hata ukiuweka kichwani kwa mteja hauendi. Vizito chini. Vyepesi vikubwa kama tishu na pampasi juu kabisa, vinaonekana kwa mbali. Macho ya nani lakini? Mi wateja wangu wengi ni akina mama na watoto wa kutumwa, nilikuwa napanga kwa urefu wangu mimi, mita moja na themanini, mke wangu akaniambia hiyo sabuni unayosema iko machoni mimi naiona kwa chini yake.

Shelfu isiwe na mapengo. Kila jioni vuta vitu mbele mpaka ukingoni, hata kama nyuma hakuna kitu. Duka lenye mapengo linaonekana linakufa, na mtu hanunui chakula kwenye duka analodhani mzigo umelala. Futa vumbi kwenye makopo kwa sababu hiyohiyo.

Aina ngapi za kitu kimoja? Kuna utafiti unatajwa sana wa 2000, wa Sheena Iyengar na Mark Lepper, waliweka meza ya kuonjesha jamu kwenye duka moja California. Wakiweka aina 24 watu wengi walisimama lakini asilimia 3 tu ndo walinunua, wakiweka 6 walionunua ni asilimia 30. Watu wengi wanaishia kusoma hapo. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo wakakuta kwa wastani tofauti inakaribia sifuri, mahali pengine chaguo nyingi zinaumiza, pengine zinasaidia. Kwahiyo usikariri. Mi kwenye sabuni za unga nilitoka aina kumi na moja nikabaki na tano, hakuna aliyelalamika na hela iliyokuwa imelala imerudi. Kwenye biskuti nilijaribu kupunguza watoto wakagoma, nikarudisha.

Taa, muziki, harufu

Taa usibanie. LED ya wati 18 ikiwaka masaa 12 inakula yuniti 0.216, yaani nne kwa siku nzima hazifiki yuniti moja, pigia mwenyewe kwa bei ya LUKU yako uone kama ndo inakufilisi. Vyakula na sabuni weka taa nyeupe. Wauza nguo nyie nyeupe ile ya hospitali kwenye kioo inamfanya mtu aonekane mgonjwa, weka ya joto kidogo, na kioo kisikae kinatazamana na mlango, nani anataka kujiangalia huku bodaboda wanamtazama.

Muziki sasa. Mwaka 1982 Ronald Milliman alichapisha utafiti wa supamaketi moja Marekani, siku nyingine wanapiga muziki wa taratibu, siku nyingine wa haraka. Kwenye muziki wa taratibu watu walitembea polepole na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38.2 kuliko kwenye ule wa haraka. Nyingine naipenda zaidi, ya akina Adrian North, ilitoka 1999, Uingereza, shelfu ya mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani. Siku za muziki wa Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa kwa 8 za Ujerumani, siku za muziki wa Kijerumani zikawa 22 za Ujerumani kwa 12 za Ufaransa. Na wanunuzi 44 waliokubali kuulizwa, ni 6 tu waliokiri muziki umechangia. Mteja mwenyewe hajui, ndo maana ukimuuliza "kwanini hukununua" atakupa jibu lolote la heshima.

Sasa tazama tunachofanya sisi, sabufa nje ya mlango, singeli imefunguliwa mwisho, mteja anasema sabuni unamletea tambi. Singeli ni mziki wa kukimbia, naupenda ila sio dukani. Mi napiga taarabu za zamani na rhumba, sauti ya chini kiasi kwamba mtu akinong'ona nasikia, na adhana ikianza nazima. Taratibu za hakimiliki za kupiga muziki sehemu ya biashara ulizia COSOTA mapema.

Harufu nitapita haraka. Unga na mchele vinanyonya harufu, usiviweke karibu na sabuni ya unga, mtu atakula ugali una harufu ya kufulia na hatarudi. Dagaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mafuta ya taa yasiingie ndani kabisa. Kama unauza manukato, vitenge au vitu vya harusi basi angalia wauza udi wa Zanzibar na wa soko la Mutrah kule Muscat, wanachoma kidogo tu, harufu inakufikia kabla hujaliona duka. Lakini duka la mkate linukie mkate.

Hatua ya 7: kaunta

Mizani imtazame mteja. Usiigeuze upande wako hata kama wewe ni mwaminifu kuliko malaika, mtu asiyeona mshale anadhani anapunjwa.

Kama una wakala wa miamala, msogeze kona ya ndani, sio mlangoni, kwa sababu mbili: anayetoa laki mbili hataki barabara nzima imuone anahesabu, na foleni ya wakala mlangoni inamfukuza wa sukari. Akipita kwenda ndani anaona bidhaa, akirudi ana hela mkononi. Hapo sihitaji kuongeza neno.

Pipi na chokoleti mbele ya kaunta kwenye kimo cha mtoto, ndio, zinauza. Mi nimezipandisha juu. Niliona dada mmoja mtoto wake kajilaza sakafuni analia anataka pipi, dada kalipa huku amekunja uso, na baada ya hapo akawa anakuja akiwa peke yake au anamtuma mtu, anakaa dakika moja anaondoka. Nilipata mia mbili ya pipi nikapoteza robo saa yake ya kuzunguka. England tangu Oktoba 2022 wameweka sheria kabisa, maduka mengi yanayozidi futi za mraba 2,000 hayaruhusiwi kuweka vyakula vyenye mafuta, sukari na chumvi nyingi pale kwa keshia, mlangoni, wala mwisho wa shelfu. Kwetu hakuna sheria hiyo, mi kaunta nimeweka viberiti, mishumaa, sindano na uzi, betri ziko nyuma yangu ila zinaonekana. Vitu vya "ah, nilikuwa nasahau".

Hatua ya 8: badilisha kimoja, subiri, hesabu

Usihamishe shelfu, taa na muziki wiki moja. Badilisha kitu kimoja, acha wiki nne, linganisha na tarehe zilezile za mwezi uliopita, maana tarehe 27 na tarehe 15 mtaani kwetu ni nchi mbili tofauti. Andika wateja wangapi na wastani wa mmoja kanunua shilingi ngapi, hiyo ya pili ndo inakuambia kama mpangilio unafanya kazi, ile ya kwanza inaweza kuwa tu jirani kafunga kwenda msibani.

Kuna mwaka nilipanga upya duka lote, nikaweka na rhumba, mauzo yakapanda vibaya mno, nikaanza kuwafundisha wenzangu mtaani mpaka nikaitwa mwalimu. Idd ikapita mauzo yakashuka yakarudi palepale. Ilikuwa Ramadhani. Watu walikuwa wananunua tende na unga wa ngano, wangeninunulia hata kama ningepanga bidhaa kichwa chini miguu juu.

Sasa hivi najaribu kuhamisha friji la vinywaji, hili nililonunua mwenyewe maana lile la kampuni lina masharti yake ya kukaa mbele, nimelitoa mlangoni nimelipeleka ndani kabisa karibu na wakala. Ni wiki ya kwanza. Maji ya baridi yameshuka kidogo, biskuti zilizoko njiani zimepanda kidogo, na mama watoto anasema nitalirudisha kabla mwezi haujaisha.